Umeme Unapopotea, Nani Aseme?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, nilikuwa katika chumba cha bweni nikiipiga chapa sura ya pili ya tasnifu yangu giza lilipoingia ghafla. Tulidhani ni mtaa wetu tu, kama ilivyo ada. Kumbe sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa imezimika. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta nao ulizimika, na jenereta za akiba zikashindwa kulihudumia mojawapo ya majengo ya abiria. Wasafiri walikaa gizani na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi yake.

Hata hivyo, kilichonishughulisha zaidi si giza lenyewe bali maneno yaliyolifuata. Kampuni ya Kenya Power, ambayo serikali inamiliki zaidi ya nusu ya hisa zake, ilieleza kwamba hitilafu ilianza pale umeme wa shamba la upepo la Ziwa Turkana ulipopotea. Wamiliki wa shamba hilo, ambao ni kampuni ya binafsi, wakajibu kwamba mitambo yao ilijizima ili kujikinga, kwa kuwa nguvu za umeme katika gridi ya taifa zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Mimi si mhandisi, na sitathubutu kuamua nani alisema kweli. Ninachojua ni kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi usiku ule zilikuwa zinatafuta mishumaa.

Tuutazame mnyororo wenyewe. Umeme wa upepo huzalishwa Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, na kampuni ya binafsi. Husafirishwa hadi Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400, kwa laini iliyojengwa na serikali. Hununuliwa na kusambazwa na Kenya Power. Mnyororo mmoja, wenyewe wengi. Hasara ya kutosikilizana kwao ilionekana hata kabla ya taa ya kwanza kuwaka: mitambo ya upepo ilikuwa tayari mwaka 2017, ilhali laini ya serikali ilikamilika Septemba 2018. Kwa muda huo wote upepo wa Turkana ulivuma bure, na fidia yake ikadaiwa kutoka kwa umma.

Sisemi kwamba ushirikiano wa serikali na kampuni za binafsi hauwezekani. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa, ulifika kwa sababu serikali ya Kenya na kampuni za simu ziliweka fedha zao pamoja. Kujenga kwa pamoja, basi, tunakumudu. Kulinda kwa pamoja ndiko kunakotupiga chenga. Mwezi wa Februari mwaka 2012 meli moja ilitia nanga karibu na Mombasa mahali isipopaswa, na mkongo huohuo ukakatika. Hapakuhitajika adui, nanga ilitosha. Na tarehe 7 Juni 2016 ilitosha tumbili mmoja, aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na kuizima nchi kwa saa kadhaa. (Tumbili alinusurika. Sijasikia kwamba kuna aliyemlaumu kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.)

Serikali haikulala kabisa. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta iliunda kamati ya kitaifa ya uratibu, na kanuni za mwaka 2024 zikaeleza wajibu wa wamiliki wa mifumo ya habari ambayo nchi haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Kabla ya kanuni hizo tulikuwa tumekwisha kuonja shubiri: mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen lilishambuliwa, na huduma za viza, tiketi za treni na tokeni za umeme zikatatizika. Jukwaa ni la umma, malipo hupitia kampuni za binafsi, na mwananchi aliyekwama kituoni hakujua amlilie nani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba suala hili ni la wahandisi na mawakili peke yao. Sheria niliyoitaja imeandikwa kwa Kiingereza. Kanuni zake ni za Kiingereza. Taarifa za kampuni hutolewa kwa Kiingereza kwanza, kisha wanahabari huhangaika kuzitafsiri zikiwa mbichi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini sisi wenyewe hatujakubaliana tuviite nini vitu hivi. Wengine husema miundombinu muhimu, jina ambalo halichuji chochote, kwa maana ni muundombinu upi usio muhimu? Wengine husema miundombinu nyeti, na darasa likaangua kicheko. Nimehudhuria makongamano ya chama chetu ambako tulijadili vina na mizani tangu asubuhi hadi jioni, nami nilifurahia. Sikumbuki tukijadili istilahi za gridi hata kwa nusu saa.

Kuna watakaodai kwamba kumweleza raia habari za mitambo ni kumfundisha mwizi. Hoja hii ina uzito kidogo, lakini mwizi alikwisha kufuzu zamani. Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilipoanguka na nchi kuingia gizani, uharibifu wa makusudi ulishukiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu mwezi uo huo. Marufuku ilidumu miezi michache, kisha biashara ikarejea kwa leseni. Ni jirani wa mnara, wala si mwizi, ambaye hajafundishwa kitu.

Karibu na lango la chuo pana transfoma yenye bamba lililochakaa. Juu yake kuna fuvu la kichwa na neno moja la Kiswahili: HATARI. Neno hilo humwambia mpita njia aiogope transfoma; halimwambii ailinde, wala halimpi nambari ya simu. Wiki iliyopita nilimwuliza mama anayeuza viazi vya kukaanga chini yake angempigia nani akiona mtu amepanda pale usiku. Aliigeuza mizani yake ya viazi ndani ya karai, akanitazama.

“Mwanangu,” akasema, “nitajuaje kama si fundi wao?”