Kizuri chajiuza? Waulize mabinti wa DePauw

Ndugu msomaji, wewe kijana wa mjini unayesoma ukurasa huu ukiwa kijiweni, nakuomba leo uweke pembeni mabishano ya Simba na Yanga. Kuna jambo la Marekani ambalo wengi wetu tunalichekea kwenye simu, kumbe lina siasa nzito ndani yake.

Tangu Agosti 2021 umeziona video zile. Mabinti wa Chuo Kikuu cha Alabama, nywele ndefu za rangi ya dhahabu, magauni mafupi, wanaeleza gauni limetoka duka gani na viatu vimetoka wapi. Ukacheka ukasema, "Hawa vichwani hamna kitu!" Tusidanganyane, hata mimi nilicheka. Lakini ile ni wiki ya usaili. Wasichana zaidi ya 2,000 wanazunguka nyumba hadi nyumba wakiomba kupokewa katika vyama vya kina dada, vile vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Wanaongea dakika chache, wanachekeana, wanaondoka. Kisha wenye nyumba wanakaa faragha na kuwapanga. Anayekataliwa haambiwi sababu.

Ukiona uchaguzi usiotoa sababu, ujue jikoni kuna mizengwe.

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha DePauw, jimbo la Indiana. Chama cha Delta Zeta kilikuwa na tawi pale lenye sifa ya mabinti wenye akili darasani, lakini wenzao chuoni wakalipachika jina la nyumba ya wasiojua kujichanganya. Wanachama wakapungua. Mwishoni mwa 2006 vigogo wa makao makuu wakafika, wakawahoji wanachama 35, kisha wakawaandikia 23 wahame. Gazeti la New York Times liliporipoti habari hiyo Februari 2007, lilisema miongoni mwa waliofukuzwa walikuwemo wote wenye miili minene, pamoja na mweusi pekee, Mkorea pekee na Mvietnamu pekee. Lilieleza pia kwamba siku ya kupokea wageni wengi wa wenyeji waliambiwa wabaki vyumbani ghorofani, huku mabinti wembamba wakiletwa kutoka chuo kingine kukaribisha watu.

Makao makuu yalikana. Yalidai kosa lilikuwa uzembe wa kutafuta wanachama. Haya, msomaji, wewe pima mwenyewe: uzembe gani huo unaochagua unene na rangi?

Sasa sikia ambalo video hazikuonyeshi. Katika wale 12 walioambiwa "ninyi mnafaa," 6 walifungasha mizigo yao wakaondoka kwa hasira. Walikuwa warembo, nyumba walikuwa nayo, na bado wakasema hapana. Machi 2007 chuo kikakata uhusiano na chama hicho. Hao ndio tuliowaita hawana kitu vichwani!

Alabama ni hivyo hivyo. Mwaka 1963 Gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa chuo kile kuwazuia wanafunzi weusi wawili. Akashindwa. Lakini miaka 50 baadaye, Septemba 2013, gazeti la wanafunzi, The Crimson White, lilifichua kwamba binti mweusi mwenye alama za juu sana alikataliwa na nyumba zote 16 alizoomba. Waliolipasha habari gazeti ni wasichana wa ndani ya nyumba hizo. Walisema wao walitaka kumpokea, ila wanachama wa zamani, waliokwisha kumaliza chuo, waliingilia kati. Wanafunzi na walimu wakaandamana, na rais wa chuo akaamuru milango ifunguliwe upya. Wasichana weusi kadhaa wakapokewa mwaka uleule.

Utauliza, sisi inatuhusu nini nani kaingia nyumba gani? Inatuhusu. Chuoni hapo kuna kundi la siri liitwalo The Machine, linalounganisha baadhi ya nyumba za wavulana na za wasichana, ambalo kwa miongo mingi limekuwa likipanga nani ashike serikali ya wanafunzi. Mwaka 1993 chuo kiliivunja serikali hiyo baada ya mgombea aliyelipinga kundi kusema ameshambuliwa nyumbani kwake. Haikurudi hadi 1996. Usaili wa sura ndio mlango wa kuingilia kwenye madaraka. Ukizuiwa mlangoni, kura yako itakwenda wapi?

Na hakimu ni nani? Nyumba ya mabinti hupanda au kushuka hadhi kwa kadiri nyumba za wavulana zinavyotaka kufanya nayo sherehe. Ina maana hakimu ni kijana wa kiume, mwenye umri kama wako.

Ndipo ninapokugeukia wewe. Hapa kwetu hatuna nyumba za Kigiriki, lakini tuna mkorogo. Vipodozi vilivyopigwa marufuku bado vinauzwa, na dada zetu wanajichubua ngozi. Wanajichubua kwa ajili ya macho ya nani? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tumegeuza: tunawalazimisha wote wajitembeze, halafu tunawacheka kwa kujitembeza.

Siku binti atakaposimama kuomba uongozi wa tawi lenu, au kazi ofisini kwako, utaanza kumtazama umbo au utamuuliza ana sera gani? Wale 6 wa DePauw walipimwa kwa mizani hiyo, wakafaulu, na bado wakaikataa. Wewe uliyeshika mizani unangoja nini kuitupa?