WAYA HAUKUWA NA HITILAFU

Wananchi wenzetu,

Tumeombwa na wanachama wa matawi mengi, wa mjini na wa mashamba, wa Unguja na wa Pemba, tuandike juu ya televisheni. Kila mkutano unapokwisha, suala huwa ni lile lile: "Mbona sisi hatuonekani?" Mwenye kuuliza huuliza kwa uchungu, na waliokaa karibu naye hutikisa vichwa, kisha kila mmoja hushika njia yake kwenda kwake. Siku ya pili suala huulizwa tena barazani, na siku ya tatu husahauliwa mpaka ufike uchaguzi mwengine.

Leo hatukusudii kuongeza uchungu juu ya uchungu. Tunakusudia kuwasimulia khabari ya mji mmoja wa mbali, ambao watu wake waliuliza suala hilo hilo kwa muda wa miaka 14, na mwishowe wakapata jawabu. Tunaisimulia kwa kuwa tunaamini imo dawa ndani yake, na dawa yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kalamu na saa.

Mji huo ni Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1953 ilifunguliwa huko stesheni ya televisheni iitwayo WLBT, chaneli ya 3. Mwenye stesheni alikuwa kampuni ya bima ya maisha, Lamar Life.

Yafaa kwanza tueleze namna kazi ya stesheni kama hiyo inavyokwenda, maana si kama kwetu. Makampuni makubwa ya utangazaji ya Marekani, kama NBC yenye makao yake New York, hayana mnara katika kila mji. Hutengeneza vipindi vya khabari, mazungumzo na michezo, na kuvipeleka kwenye stesheni za miji zilizofunga mkataba nayo. Siku zile vilipelekwa kwa waya na kwa mitambo ya kupokezana mawimbi. Stesheni ya mji hupokea vipindi hivyo ikavirusha, kisha huongeza vyake yenyewe: khabari za hapo mjini, matangazo ya maduka, ibada za Jumapili. WLBT ilikuwa mshirika wa NBC kwa njia hiyo. Lakini mkataba haukuilazimisha kupitisha kila kitu. Iliweza kukikataa kipindi. Basi baina ya New York na ukumbi wa mtu wa Jackson alikuwapo bawabu, na ufunguo u mkononi mwake.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba stesheni haimiliki hewa. Mawimbi ni mali ya umma. Mtu hukopeshwa kwa leseni, ambayo siku zile ilikuwa ya miaka 3 na leo huko ni ya miaka 8, kwa sharti ya kuyatumia kwa manufaa ya wale wanaofikiwa nayo. Leseni hizo hutolewa na Tume ya Mawasiliano iliyoko Washington. Tunawaomba wasomaji waishike sharti hii, maana khabari yote inaizunguka.

Sasa mtazameni bawabu wa Jackson. Karibu watu 45 katika kila 100 walioishi katika eneo la WLBT walikuwa watu weusi. Walinunua televisheni kwa fedha zao, na bidhaa zilizotangazwa humo walizinunua kama wengine. Lakini meneja wa stesheni, Fred Beard, alikuwa mwanachama wa Citizens' Council, jumuiya ya Wazungu iliyoundwa ili kuzuia watoto weusi na weupe wasisome skuli moja.

Mwaka 1955 NBC ilipeleka kipindi ambamo alikuwamo Thurgood Marshall, wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Mjini Jackson picha ilitoweka. Pahala pake yalitokea maandishi ya kuomba radhi, kwamba waya una hitilafu. Waya haukuwa na hitilafu yoyote. Ni mkono wa mtu uliokata. Na huyo aliyekatwa, mwaka 1967 alikuwa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Malalamiko yakapelekwa Washington. Mwaka 1957 yakapelekwa mengine, kwamba stesheni ilionyesha kipindi cha kutetea ubaguzi na ikawanyima nafasi walioomba kujibu. Mwaka 1962 yakaja tena, pale James Meredith, kijana mweusi, alipokuwa akipigania kuingia Chuo Kikuu cha Mississippi, na stesheni ikashutumiwa kuwa imetoa upande mmoja tu. Mchungaji Robert L. T. Smith, mtu mweusi aliyesimama kugombea kiti cha Bunge la Marekani, alikataliwa kununua wakati wa kuzungumza, mpaka malalamiko yalipofika kwa wakubwa. Na hata katika kutajwa majina palikuwa na dharau: mtu mweupe huitwa Bwana au Bibi Fulani, na mtu mweusi hutajwa jina tupu, kama anayeitwa mtoto.

Siku moja mlango ulifunguka kidogo. Katika Mei 1963 Meya wa Jackson, Allen Thompson, alizungumza katika televisheni kuwapinga wale waliodai haki. Medgar Evers, katibu wa NAACP katika Mississippi, alidai nafasi ya kujibu, na tarehe 20 Mei akapewa kiasi cha dakika 17. Alizungumza kwa upole na kwa mpango, akieleza maisha ya mtu mweusi katika mji ule. Tarehe 12 Juni, chini ya mwezi mmoja baadaye, alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Hatusemi kwamba dakika 17 ndizo zilizomuua. Tunasema kwamba wapo watu waliozitaka dakika hizo wakijua thamani yake, na sisi tusizungumze juu ya televisheni kama jambo la mchezo.

Hapa ndipo tunapotaka wanachama wetu watege masikio khasa.

Alikuwapo Mchungaji mmoja aitwaye Everett Parker, mkuu wa ofisi ya mawasiliano ya kanisa la United Church of Christ. Parker aliona kwamba malalamiko ya mdomo yamekwishapelekwa ya kutosha, na kila mara stesheni hujitetea na leseni ikatolewa upya. Akabadili njia. Tangu tarehe 1 mpaka 7 Machi 1964, watu waliojitolea walikaa kwa siri mbele ya televisheni mjini Jackson wakaandika kila kilichotoka: nani amesema, juu ya nini, kwa muda gani, na mtu mweusi ametajwa vipi, kama ametajwa. Wiki moja tu. Hawakutukana, hawakuvunja kioo cha mtu. Waliandika.

Katika Aprili 1964, kwa daftari hizo, kanisa pamoja na Mchungaji Smith na Aaron Henry, kiongozi wa watu weusi wa Mississippi, waliiomba Tume isiipe WLBT leseni mpya. Tume iliwajibu kama mlinzi wa lango anavyomjibu maskini: nyinyi ni nani? Kwa kanuni za siku zile, aliyeruhusiwa kusimama katika shauri la leseni ni mwenye stesheni nyengine ambaye biashara yake imedhurika, au ambaye mawimbi yake yameingiliwa. Mtazamaji, ambaye kwa ajili yake mnara umesimamishwa, hakuwa mtu. Mwaka 1965 WLBT ikapewa leseni ya mwaka mmoja.

Walalamikaji wakaenda Mahakama ya Rufaa ya Washington. Tarehe 25 Machi 1966 Jaji Warren Burger, ambaye hakuwa mtu wa kupenda mageuzi, alitoa hukumu kwamba wawakilishi wa watazamaji wanayo haki ya kusimama na kusikilizwa, kwa kuwa mwenye leseni ametwaa sehemu ya mali ya umma na amebeba wajibu pamoja nayo. Tume ikalazimika kusikiliza shauri. Ikasikiliza, na mwaka 1968 ikaipa stesheni leseni ya miaka 3! Shauri likarudi mahakamani. Katika Juni 1969 Mahakama iliifuta leseni hiyo, na ikaikemea Tume kwa kuwatendea wananchi walioleta ushahidi kama maadui badala ya wasaidizi wa umma. Siku chache baadaye Burger huyo huyo aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Marekani.

Mwaka 1971 stesheni ilikabidhiwa kwa muda kwa jumuiya isiyo ya faida, ya watu weusi na weupe pamoja, na mwaka 1972 meneja wake akawa William Dilday, mtu mweusi. Mpaka leo WLBT ipo, chaneli ya 3, mshirika wa NBC. Kilichoondoka ni mkono uliokuwa juu ya ufunguo.

Ndugu wanachama, sasa turudi kwetu.

Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo ndugu zetu wa Bara walikaa bila ya televisheni mpaka miaka ya 1990. Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia. Lakini tujiulize: nani aliyelipa? Imelipwa kwa kodi na kwa jasho la mkarafuu, na jasho halina chama. Aliyepanda mkarafuu wake Wete na aliyelima mpunga wake Cheju wamelipa sawa, na picha inapokwenda hewani inapita juu ya mapaa yote. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na haki ya kupata khabari. Basi tunapodai kuonekana na kusikika hatuombi sadaka.

Lakini haki bila ya ushahidi ni kilio tu. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila khabari. Mwanachama wetu akisema, "Hawatutaji kabisa," huulizwa: lini? Kipindi gani? Dakika ngapi? Hapo hunyamaza, au husema maneno ya kukisia, na mara moja aliyeulizwa huwa ndiye mshitakiwa. Tunalisema hili juu ya nafsi zetu kwanza, kwani hata karatasi hii mara nyengine imeandika kwa hasira pale ambapo ingepasa kuandika kwa hesabu.

Rai yetu ni hii. Kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, maana wanawake ndio walio nyumbani saa za taarifa ya khabari na ndio wasiodanganyika upesi. Kwa muda wa siku 30 waandike kila usiku: tarehe, saa, aliyezungumza, chama chake, dakika zake, na kama aliyetajwa kwa ubaya amepewa nafasi ya kujibu. Waandike pia kila mara wetu wanapopewa nafasi, wala wasifiche hata dakika moja. Daftari yenye uongo mmoja huangusha ukweli mia. Zikikusanyika, zipelekwe kwanza kwa wenye stesheni wenyewe, kwa heshima. Kisha kwa Tume ya Utangazaji. Kisha, ikibidi, mahakamani.

Wako watakaosema: hiyo ni Marekani, na mahakama zao si mahakama zetu. Tunawajibu kwamba Mississippi ya mwaka 1964 haikuwa pepo ya haki. Mtu aliuawa kwa kutaka kupiga kura. Na hao walioshinda walishindwa mara nyingi kwanza. Wengine watasema: siku hizi kila mtu ana simu, ya nini televisheni? Kweli simu zimefungua milango. Lakini kwa simu kila mtu hutazama wanaokubaliana naye, na khabari hubaki baina ya wenyewe kwa wenyewe. Televisheni ya umma ni ukumbi mmoja wa nyumba yetu sote, na hakuna sababu ya watoto wengine wa nyumba kuzungumzia uani.

Mwisho tuna neno ambalo huenda baadhi yenu msilipende. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Siku ambayo chama chetu kitashika madaraka, ufunguo ule ule utawekwa mikononi mwetu, na kishawishi kile kile kitatujia usiku. Mahakama ya Washington haikuwapa watu weusi stesheni ili wawanyamazishe weupe. Jumuiya iliyoipokea ilikuwa ya watu wa pande zote mbili. Ikiwa tunadai dakika leo ili kesho tuwanyime wenzetu, basi hatudai haki bali tunadai zamu. Na daftari hizi tunazotaka kuzifungua leo zisifungwe siku tutakaposhinda. Zishikwe na watakaotupinga, watuhesabie na sisi.

Basi, ndugu zetu, ikitokea tena mzungumzaji amekatika katikati ya neno na kioo kimejaa maandishi ya kuomba radhi, msipige kelele. Tazameni saa, mwandike.

Wabillahi tawfiq.