Theluji ya Kambara



Mwaka huu nataka kuzungumza habari za theluji. Najua mtaguna: nani hapa Anoka hajaichoka?

Mama yangu aliwasili kutoka Tanga mwezi wa Novemba, na tangu alipoiona hakutoka nje. Januari mama mmoja wa jumuiya yetu, nyumba ya nne kutoka kwetu, alifiwa na mumewe. Mama hakwenda kuhani. Alisema njia imezibwa, hali ilikwisha safishwa tangu alfajiri. Nilinyamaza, mzazi haambiwi mwoga.

Jumamosi moja niliazima maktaba kitabu cha picha za Kijapani, zile zinazochapwa kwa mbao za mcheri zilizochongwa. Jumba la sanaa la Minneapolis linazo nyingi. Mwaka 1974 lilipokea mkusanyo mkubwa wa marehemu Richard Gale. Kitabuni imo Kambara, picha ya Hiroshige ya miaka ya 1830, katika mfululizo wa vituo vya njia ya Tokaido. Ni kijiji usiku, mapaa yamefunikwa theluji, na watu watatu wanatembea wameinama, nyuso hazionekani.

Nilimweleza Mama mambo mawili. La kwanza, theluji ile haikupakwa rangi. Mchapaji alitia kijivu na weusi kandokando, akaiacha karatasi tupu. Karatasi ndiyo theluji. La pili, Kambara iko pwani, na theluji nzito huko ni nadra. Hiroshige aliwashushia watu wa pwani theluji wasiyoizoea.

Mama aliitazama sana. "Hawa wanakwenda wapi usiku huu?"

"Hiroshige hakusema, Mama."

"Mtu hatoki katika baridi hii bila haja, mwanangu. Labda wanakwenda kuhani." Akafunga kitabu. "Nitafutie viatu."

Tulikwenda kwa miguu, amenishika mkono, hatua fupi fupi. Mjane alifungua mlango mwenyewe. Mama alimwomba radhi kwa kuchelewa siku kumi na moja, wakakumbatiana, wakalia. Tulirudi usiku.

Basi ndugu zangu, mwenye mzazi mgeni ampatie buti kabla ya Novemba, na siku ya kwanza atoke naye, amshike mkono.

Ni mimi mwenzenu,
Anoka