Tupime Maji ya Nyasa

Maji ya Ziwa Nyasa hayajui mpaka. Mgodi wa urani wa Kayelekera, nchini Malawi, umo katika bonde la Mto Rukuru wa Kaskazini, umwagao maji ziwani huko Karonga, jirani na Kyela. Ulifunguliwa mwaka 2009, ukasimama 2014, na mwaka 2025 ukaanza tena kutoa urani.

Hatusemi kwamba ziwa limechafuka. Twasema kuwa asiyepima hana haki ya kuwatisha wananchi, wala ya kuwatuliza. Urani majini haionekani. Ikizidi, hudhuru figo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 katika lita moja ya maji ya kunywa. Jicho haliwezi kupima kiasi hicho, mkemia aweza.

Tume ya Nguvu za Atomu na Mkemia Mkuu wa Serikali wanazo maabara. Yafaa mvuvi wa Matema na mkulima wa mpunga wa Kyela wasomewe hesabu ya maji yao kila mwaka, kwa Kiswahili. Tena vijana wa Bondeni wasomeshwe kemia, ili wapime na kueleza wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.