MOTOKARI MPYA WANAYOTUSHAURI, WAMEMSHAURI NANI?

Ndugu wasomaji wa Kikula, wa Panda na wa Shituru, nanyi wenzetu wa Kambove mnaoshuka kila siku kwa kazi,

Kila mwanzo wa mwaka karatasi zile zinafika. Zinapita katika biro, zinapita sokoni, zinapita katika simu za vijana: orodha ya motokari mpya zinazofaa kununuliwa. Hii ni ya kwanza, hii ni ya pili, hii ina nyota tano, hii inasifiwa kwa kuwa hainywi mafuta sana. Na chini ya orodha limewekwa shauri kwamba mtu mwenye akili aache motokari kuukuu aliyo nayo, anunue mpya. Sisi wenye motokari ndogo, ile IST au Vitz iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kuchoka kidogo, tumezisoma orodha hizo kama karani anavyosoma karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari. Nasi tunauliza: aliyeandika shauri hili alikuwa anamfikiri nani?

Tusiwaonee waandishi hao. Kupima vitu kwa ajili ya mnunuzi ni kazi ya heshima. Ubelgiji wana chama chao cha wanunuzi, Test-Achats, tangu 1957. Kinapima mashini za kufulia, bima, motokari, kisha kinawaambia watu wake ukweli ambao mwuza duka hapendi wausikie. Laiti sisi tungekuwa na chama kama hicho hapa Likasi! Ulaya wana pia zawadi yao ya Motokari ya Mwaka, iliyoanza 1964, na mwaka ule ilishinda Rover 2000. Wanaochagua ni waandishi wapata 60, wote wa nchi za Ulaya. Mwaka 2024 walichagua Renault Scenic ya umeme; mwaka 2025 wakachagua Renault 5, ya umeme vilevile. Kwa barabara zao, kwa mishahara yao na kwa magaraji yao, labda wamechagua vema. Hatuna neno.

Ubaya unaanza pale shauri la mtu wa Bruxelles linapochukuliwa jinsi lilivyo, likageuzwa lugha, likawekwa mbele ya mtu wa Kikula kama dawa iliyoandikwa na daktari. Daktari gani anaandika dawa bila kumwona mgonjwa?

Tufanye hesabu kwanza, maana hesabu haina hasira. Tuseme mfanyakazi anapata dola 400 kwa mwezi. Tuseme ni mtu wa nguvu, anaweka dola 100 kila mwezi, watoto wanasoma, unga unanunuliwa, na hakuna msiba unaoingia nyumbani. (Wasomaji wanaojua nyumba isiyoingiwa na msiba watuonyeshe ni ya wapi.) Motokari mpya ya dola 20 000 itamdai miezi 200, ndiyo miaka 16 na miezi 8. Mtoto aliyezaliwa siku ile baba alipoanza kuweka feza atakuwa anakaribia kumaliza shule ya sekondari. Ulaya mtu hafanyi hivyo. Anaenda banki, anaandika sahihi, anatoka na motokari, na analipa kidogo kidogo kwa miaka minne au mitano. Orodha ile imeandikwa kwa ajili ya huyo mwenye banki. Ukimwondoa banki katika hesabu, orodha yote inaanguka, lakini hakuna aliyeandika jambo hilo hata kwa herufi ndogo.

Kisha njoo katika garaji, maana ndipo tunapojua zaidi kuliko waandishi wa Ulaya. Nani katika Kikula hajui IST? Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 2002, ikaacha mwaka 2016, na mafundi wetu wameifungua mpaka wanaweza kuifunga tena usiku bila taa. Pyesi zake zipo, mpya na za kuukuu. Ikikufia njiani kati ya Lubumbashi na Likasi, fundi atakuja na funguo zake katika mfuko, na jioni utalala kwako. Hiyo motokari mpya ya orodha, ikiwaka taa nyekundu mbele ya dereva, fundi huyo huyo, pamoja na akili yake yote, atasimama tu, maana inataka mashini ya kuisoma, na mashini hiyo haipo katika site. Pyesi itaagizwa, itakaa bandarini, italipa ushuru, itavuka Kasumbalesa pamoja na malori. Wiki ngapi? Na wakati huo mwenye motokari ya taksi anakula nini?

Orodha hazipimi jambo hilo. Zinapima ni sekunde ngapi motokari inahitaji ili ifikie kilometa 100 kwa saa. Sisi tunataka kujua inahitaji siku ngapi ili ipate fureni mpya.

Wala hazipimi vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa vumbi letu linaingia hata ndani ya saa ya mkononi. Mvua zikianza, mashimo yanajaa maji na hujui kina chake mpaka umekwisha kuingia. Motokari nyingi za kisasa ziko chini sana. Zile za mazuti zina chujio la moshi linaloziba upesi kama mafuta yana salfa nyingi. Jirani zetu wa Afrika ya Mashariki walilitambua hilo, wakakubaliana kwamba tangu 2015 mazuti yao yasizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Walisafisha mafuta kwanza, ndipo injini mpya ikawa na maana. Anayetushauri injini mpya, atuulize kwanza tunanunua mafuta wapi, na kama yanatoka katika pompi au katika bidoni.

Lakini watu wanasema: motokari kuukuu inaua. Hapa tusikilize vizuri, maana neno hili si la mchezo.

Ni kweli. Mwaka 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa ripoti kwamba kati ya 2015 na 2018 motokari ndogo milioni 14 zilizokwisha kutumika zilitoka Ulaya, Japani na Marekani, na fungu kubwa lilikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walitazama zile zilizokuwa zinatoka katika nchi yao kuja kwetu, wakaona kwamba nyingi hazikuwa hata na karatasi halali ya kuruhusiwa kutembea barabarani kwao. Yaani kitu wasichokiruhusu mbele ya shule za watoto wao walikipandisha meli. Na sisi wenyewe tuna makosa yetu. Motokari za Japani zinakuja na volani kuume, na nchi yetu inatembea kuume. Basi wengine wanakata na kuihamisha volani kushoto, na katika kukata huko mfuko wa hewa unaomlinda dereva unaondolewa, na waya zinafungwa kwa plastiki. Hatuwezi kusifu kazi hiyo. Abiria anayeketi ndani hajui kitu.

Haya. Je, kuwa mpya ndiyo dawa? Sikilizeni habari hii, wala si hadithi. Mwaka 2017 shirika la kupima usalama wa motokari, Global NCAP, pamoja na chama cha wenye motokari cha Afrika Kusini, walianza kupima motokari zinazouzwa mpya katika Afrika. Mwaka 2018 waliigongesha Nissan NP300 Hardbody, mpya, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Ilikuwa na mifuko miwili ya hewa. Ikapata nyota sifuri. Baadaye wakafanya jambo la mayele zaidi: waliichukua mpya hiyo ya Afrika, wakaigonganisha uso kwa uso na Nissan Navara iliyokwisha kutumika Ulaya, ya bei inayokaribiana nayo. Hesabu ya wapimaji ilionyesha kwamba dereva wa ile mpya ya Afrika pengine angekufa, na dereva wa ile kuukuu ya Ulaya angetoka kwa miguu yake. Na mwaka 2020 Renault Kwid, motokari ndogo mpya ya bei nafuu, yaani ile hasa ambayo orodha zingetutupia sisi, ikapata nyota mbili.

Kwa hiyo neno “mpya” peke yake halitoshi. Mpya ya wapi? Imetengenezwa kwa sheria ya nani? Kampuni moja, jina moja mbele ya motokari, lakini chuma cha ndani kinatofautiana kwa sababu sheria ya Ulaya inauma na sheria ya kwetu haina meno. Nyota tano ulizoziona katika karatasi zilipewa motokari ya Ulaya. Mwuzaji anaweza kukuonyesha nyota hizo na kukupa motokari nyingine yenye jina lilelile. Hilo ndilo linalotuchoma, kuliko hata bei.

Majirani wameweka sheria za umri. Kenya haipokei motokari iliyozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 inakataza kuingiza iliyofikisha miaka 15. Tunaelewa nia yao. Lakini sisi tunaona umri ni kipimo cha mtu mvivu. Fureni haisomi kalenda. Motokari ya miaka 12 iliyotunzwa na mwalimu si sawa na ya miaka 5 iliyopinduka na kupakwa rangi. Tunachotaka ni kituo cha ukaguzi kinachotazama fureni, mipira, mikanda na volani kwa haki, bila bahasha, na kinachowagusa wakubwa na malori yao kabla ya kumgusa mwenye taksi.

Basi, tufike katika motokari ya umeme, maana wasomaji wengi wa mine wanatuuliza. Motokari ya esansi ina shaba kilo 20 na kitu. Ya umeme ina kilo 80 na zaidi. Betri zake nyingi, si zote, zinataka kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, katika udongo huu wa Katanga tunaoukanyaga. Ndugu wa Shituru, mnaposhika zamu ya usiku, mnajua mnakitayarishia nini kile kilichoitwa Motokari ya Mwaka. Hatuna chuki nayo. Siku moja labda itatufaa kuliko nyingine zote, kwa sababu maji ya Lufira yamekuwa yakizungusha mashini za Mwadingusha tangu 1930. Lakini umeme ule ulitafutwa kwa ajili ya mine, na bado mine ndiyo inayokunywa kwanza. Mama anayepika kwa makala chini ya waya za volti kubwa, umwambie achaji motokari? Kwanza aone taa.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulitupa haki ya kuchagua viongozi. Haki ya kujua tunanunua nini hatujaidai kwa sauti hiyohiyo. Mji huu ulipoitwa Jadotville, orodha za bei zilikuja kutoka Bruxelles, na sisi wengi tulinunua kinga. Ikiwa leo tunangoja bado orodha itoke huko, basi tumebadili jina la mji tu. Afrika Kusini waandishi wao wanachagua motokari yao ya mwaka tangu 1986. Hata wao wanachagua kwa barabara za Johannesburg, wala hatuwalaumu. Lakini wamethubutu.

Sisi hatuna haja ya zawadi wala ya karamu. Tunataka daftari. Kila mwenye motokari ndogo katika Kikula, wa taksi na wa nyumbani, aandike tangu mwezi huu: aina ya motokari na mwaka wake; esansi aliyonunua na kilometa alizokwenda; pyesi iliyokufa, bei yake, na siku alizoingoja; feza za fundi, na za peaji; na kama volani ilihamishwa, nani aliihamisha na mfuko wa hewa ulikwenda wapi. Wasioandika sana wasaidiwe na watoto wao wa shule. Mafundi nao waandike kitabu chao, maana wao ndio wanaoona mambo ambayo mwenye motokari haoni. Makarani wa mine watakusanya na kujumlisha. Kazi hiyo tunaijua, tumezifanyia kampuni za watu maisha yetu yote. Baada ya miezi sita gazeti hili litachapa hesabu bila kupendelea jina lolote.

Na yeyote anayekuja kutuuzia motokari mpya kabla ya hapo, aulizwe maswali matatu mbele ya watu: hii ndiyo ileile iliyogongeshwa na kupata nyota, au ni nduguye wa Afrika? Pyesi zake ziko duka gani la Likasi? Na fundi gani wa hapa umekwisha kumfundisha kuifungua?

Madaftari yaletwe kwenye ofisi ya chama, Jumamosi baada ya saa nane.