Picha Safi kwa Nani?

Sisi tuliokulia katika vilima vya Bukavu tunaikumbuka vema kazi moja ya watoto: kupanda juu ya mabati na kugeuza antena. Baba aliketi mbele ya televisheni, mama alisimama mlangoni akipokeza amri, na mtoto aliuzungusha mti wa antena polepole. «Elekeza ziwani! Bado. Rudisha kidogo. Basi, acha hapo hapo!» Mara nyingi, mtoto alipouachia ule mti ili ashuke, picha iliharibika tena, naye akalazimika kuushika hadi habari ziishe. Picha yenyewe ilijaa chenga kama za mchele kwenye ungo. Pengine mtu mmoja alionekana wawili, mmoja nyuma ya mwenzake kama kivuli, kwa sababu mawimbi yaligonga mlima kisha yakatufikia kwa kuchelewa. Hata hivyo tuliona. Tulimtambua msomaji wa habari, tulifuata mpira, tulisikia maneno.

Siku hizi, katika nyumba nyingi, antena ile imeondolewa au imeunganishwa na dekoda. Picha inang'aa, rangi zimetulia, chenga zimekwisha. Hatuandiki ukurasa huu ili kuyalilia mambo ya kale. Picha safi ni kitu chema: inapumzisha macho, inamsaidia kiziwi kusoma midomo ya msemaji, na inamwezesha mwanafunzi kusoma maandishi ya ubaoni. Tunachotaka kutafakari pamoja nanyi, ndugu wasomaji, ni swali ambalo matangazo ya biashara hayaliulizi: usafi huu wa picha umegawanywaje, na nani analipa gharama yake?

Swali hilo lilitujia nyumbani kwa mama mmoja mzee ambaye chama chetu humtembelea kila mwezi. Miguu yake imekataa mteremko wa kwenda kanisani. Kwa miaka kadhaa alifuata Misa kwa televisheni yake ya zamani, ile yenye mgongo mnene, katika picha ya chenga. Wajukuu wakamhurumia, wakachanga, wakamnunulia dekoda. Mwanzoni alishangaa: «Kumbe padri ana mvi!» Kisha siku moja tukamkuta ameketi mbele ya kioo cheusi, kwa kuwa malipo ya mwezi yalikuwa yamekwisha. Mwezi uliofuata malipo yalikuwapo, lakini mvua ilikuwa imeulegeza mti wa antena, na kioo kilionyesha maandishi mafupi ya Kifaransa kwamba hakuna mawimbi. Akatuambia bila hasira: «Zamani niliona vibaya. Sasa siku nyingine ninaona vizuri sana, na siku nyingine sioni kabisa.»

Maneno ya mama huyo yana ukweli ambao mafundi wanaujua vizuri. Katika utangazaji wa analojia, mnara hutuma mawimbi yanayofuata umbo la picha yenyewe. Mawimbi yakidhoofika, picha hudhoofika pamoja nayo: chenga chache, kisha nyingi, na mwishowe hakuna kitu. Katika dijitali, picha na sauti hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Dekoda ikipokea tarakimu za kutosha, huijenga picha kamili, na hata husahihisha makosa madogo ya njiani. Tarakimu zikipungua kupita kiasi, picha huvunjika vipande vya mraba, huganda, kisha hutoweka. Kati ya kuona vizuri na kutoona kabisa pamebaki hatua fupi sana. Kwa hiyo aliye mbele ya mnara hupata zaidi ya alichokuwa nacho, na aliye nyuma ya kilima, aliyeridhika na chenga zake, anaweza kunyang'anywa hata kile kidogo. Katika nchi tambarare jambo hili huwagusa wachache. Katika milima ya Kivu linagusa vijiji vizima.

Kuna jambo la pili, nalo halisemwi sana. Wengi wetu tunadhani kwamba neno «dijitali» maana yake ni ubora. Dijitali ni njia ya kusafirisha picha. Ubora hutegemea kila chaneli imepewa nafasi kiasi gani katika njia hiyo. Katika analojia, kipande kimoja cha masafa chenye upana wa megahezi 8 kilibeba chaneli moja. Katika mfumo wa DVB-T2, ambao nchi za SADC, yetu ikiwamo, zilikubaliana kuutumia mwaka 2010, kipande kilekile kinaweza kubeba chaneli zaidi ya kumi. Hapo ndipo unapoingia uamuzi wa binadamu. Mwenye mnara anaweza kuweka chaneli chache zenye picha nzuri, au nyingi zilizobanwa kama abiria wa basi.

Kubana picha ni kutupa sehemu yake, kwa kukisia kwamba jicho halitaona pengo. Mtangazaji akikaa kimya mezani pake, kweli hatuoni hasara. Lakini tuangalie mpira: nyasi zinageuka uji wa kijani, na shuti kali linaacha nyuma yake mkia wa vipande vya mraba. Tuangalie kwaya inayocheza, mvua inayonyesha, maji ya ziwa yenye upepo. Kila kitu chenye mwendo mwingi kinasema wazi kama nafasi ilitosha au haikutosha. Kioo kikiwa kikubwa, kasoro nazo zinakuwa kubwa. Na picha ya zamani yenye umbo la karibu mraba ikinyooshwa ili ijaze kioo kipana, watu wote wananenepa. Ndivyo mtu anavyoweza kutoa mamia ya dola kwa televisheni mpya, akapata picha isiyoipita ile ya jirani yake.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zilipokea televisheni kwa kebo iliyovutwa hadi ukutani, kampuni zilizohama kutoka analojia ziliona kwamba nafasi ya megahezi 6, iliyobeba chaneli moja, ingeweza kubeba kumi za ubora wa kawaida, au mbili tatu za ubora wa juu. Hesabu ilikuwa rahisi na kishawishi kikubwa. Zamani mteja alichomeka kebo nyuma ya televisheni yake, akaona chaneli za msingi bila chombo kingine. Oktoba 2012, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliziruhusu kampuni za kebo zilizokwisha kuhamia dijitali kabisa kuzifunga hata chaneli hizo za msingi, hivi kwamba katika nyumba za wateja wao kila televisheni ikahitaji kisanduku chake cha kuzifungua. Picha safi na kufuli vilifika pamoja, ingawa hakuna sheria ya fizikia inayovifunga pamoja. Wenye kebo waliomba, na wenye mamlaka wakakubali.

Lakini haki inatudai tuseme pia mema yaliyofanyika huko. Minara mikubwa ya analojia ya Marekani ilipangwa kuzimwa 17 Februari 2009. Serikali ilikuwa ikitoa hati za dola 40, hadi mbili kwa kila nyumba, za kuwasaidia watu kununua vigeuzi. Mwanzoni mwa mwaka ule fedha za hati zilifikia kikomo, na watu wengi wakawa wangali wakingoja zamu yao. Bunge likaahirisha tarehe hadi 12 Juni. Uingereza ilizima minara yake mkoa kwa mkoa, tangu 2007 hadi 2012, ikawa na mpango maalumu kwa wenye miaka 75 na zaidi, kwa vipofu na kwa walemavu: walipatiwa chombo, wakafungiwa, wakafundishwa kukitumia. Mataifa hayo tajiri yalitambua kwamba mzee hawezi kuambiwa tu, «Jinunulie au ukae gizani».

Majirani zetu nao wana la kutufundisha. Katika mapatano ya Geneva ya mwaka 2006, mataifa ya Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia yaliiweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuilinda analojia, na kwa nchi nyingi za Afrika sehemu ya masafa ikaongezewa muda hadi 2020. Tanzania ilianza kuzima mapema, jijini Dar es Salaam, 31 Desemba 2012. Nchini Kenya, Februari 2015, vituo vikubwa vya watu binafsi vilitoweka hewani kwa muda wa karibu majuma matatu, kwa sababu ya ugomvi juu ya nani atasambaza mawimbi ya dijitali na kwa masharti gani. Tuutazame mfano huo kwa makini. Katika analojia, kituo kidogo cha mkoani kilikuwa na mnara wake. Katika dijitali, kwa kawaida hukabidhi vipindi vyake kwa msambazaji mmoja anayebeba chaneli za wengi. Aishikaye njia anaweza pia kuishika sauti, na bei ya kupita katika njia hiyo yaweza kukinyamazisha kituo maskini kuliko amri yoyote ya polisi.

Wapo watakaotuambia: nchi ina vita, barabara zimekatika, watu wanakimbia makwao, nanyi mnajadili chenga za televisheni? Tunalipokea swali hilo kwa uzito wake. Jibu letu ni kwamba wakati wa taabu ndipo uvumi hukimbia kuliko habari. Radio inafanya kazi kubwa, nasi tunaishukuru. Lakini mtu aliyesikia kwamba mji fulani umeteketea huhitaji pia kuona, ili atulie au ajiandae. Kumnyima maskini picha, huku tajiri akiona kila kitu, ni kuongeza mgawanyiko mwingine juu ya ile tuliyo nayo.

Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni mwaka 1958. Sababu yake ni simulizi ya usiku wa Noeli: Klara alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda kanisani pamoja na masista wenzake, naye akajaliwa kuiona na kuisikia ibada akiwa kitandani. Kinachokumbukwa katika simulizi hiyo ni kwamba asiyeweza kwenda alifikiwa. Tukikubali kwamba hiyo ndiyo maana ya chombo hiki, basi mageuzi yoyote ya televisheni yapimwe kwanza kwa mtu aliye kitandani.

Kwa kipimo hicho tunaomba mambo manne. La kwanza, kila dekoda inayouzwa nchini iache wazi, bila malipo ya mwezi, chaneli za msingi: ile ya taifa, zile za mkoa, na zenye elimu na habari. La pili, mnara wa analojia usizimwe mahali popote kabla ya kupimwa, kilima kwa kilima, kama mawimbi mapya yanafika, na vipokezi vya kuyasukuma mbele vijengwe pale yasipofika. La tatu, wenye mamlaka ya utangazaji waweke kiwango cha chini cha ubora kwa kila chaneli na wakitangaze, ili neno «dijitali» lisiwe jina la kuuzia picha iliyobanwa. La nne, wazee na wagonjwa wasaidiwe. Fedha za kufanya hivyo zina chimbuko halali: analojia inapoondoka huacha masafa wazi, na serikali huwapa wenye simu haki ya kuyatumia kwa malipo. Masafa ni mali ya wote kama maji ya ziwa. Sehemu ya malipo hayo irudi kwa yule ambaye kioo chake kimezimika.

Nasi tusingoje Kinshasa kwa kila jambo. Nyumba nyingi hazina picha kwa sababu ndogo: waya wa antena uliounganishwa kwa gundi ya karatasi na kuingia maji, mti uliolegea, dekoda ambayo haijatafuta upya chaneli baada ya masafa kubadilishwa. Kijana mwenye koleo na ngazi hutengeneza hayo kwa nusu saa. Kwa mama yule tuliyemtaja, vijana wawili wa chama walipanda juu ya mabati, wakakaza mti na kubadilisha waya, na jirani ambaye hulipia dekoda yake akakubali kumkaribisha siku malipo yanapokosekana. Hayo hayaondoi wajibu wa serikali wala wa wenye minara. Yanamwezesha mama kuona Dominika hii.

Tunawasihi wanachama wa kila mtaa, wanapowatembelea wagonjwa mwezi huu, waulize pia swali hili dogo: televisheni yako inaonyesha? Ikiwa ilionyesha zamani na sasa imenyamaza, andikeni tangu lini na kwa sababu gani. Tukikusanya majibu hayo mtaa kwa mtaa, tutakapokwenda kuzungumza na wenye mamlaka hatutakwenda na manung'uniko matupu. Tutakwenda na hesabu ya nyumba.