Tumkumbuke Ismail kwa Vitendo

Desemba 4, mwaka 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana Ismail Mrisho Khalfan wa Mbao FC aliifungia timu yake bao dhidi ya Mwadui katika ligi ya vijana. Baadaye aligongana na mchezaji wa timu pinzani, akaanguka, wala hakuinuka tena. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Wapenzi wa soka nchini walimlilia. Lakini kilio peke yake hakimuenzi marehemu.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mpira hauchezwi katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, na wa Samora, Iringa, tu. Unachezwa zaidi katika viwanja vya shule, ambako vijana hujiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA. Huko mwalimu ndiye kocha, ndiye mwamuzi, na ajali ikitokea ndiye mganga.

Mchezaji aliyezimia na kuacha kupumua haokolewi kwa kumwagiwa maji wala kuzungukwa na umati. Hana budi kusukumwa kifua papo hapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku gari la kumfikisha hospitali likitafutwa. Ujuzi huo haufundishwi kwa miaka. Hufundishwa kwa saa chache.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa elimu na waganga wakuu wa wilaya washirikiane, ili mechi yoyote ya shule isianze pasipo mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza. Ismail hatarudi. Wadogo zake wangali uwanjani.